Ndoo ya Nguruwe wa Virginie

Bagira, Bukavu, tarehe 15 Januari 1984

Maman mpendwa,

Sisi sote tunakusalimu, na tantine Séraphine pia, na tunamshukuru kwa kukuweka kwake Luvungi. Firmin aliugua malaria wiki ya Mwaka Mpya, lakini amerudi shuleni. Wadogo wengine watatu hawajambo. Mshahara wa Papa wa Desemba ulitoka tarehe kumi ya mwezi huu. Bei ya unga ilikuwa imepanda kabla yake. Mvua inanyesha kila siku tangu saa nane. Kifua chako kinasemaje? Daktari alitaka miezi sita ya joto. Nimehesabu: utarudi mwanzoni mwa Julai.

Sasa jambo langu. Unajua niliacha chuo baada ya mwaka mmoja kwa sababu hatukuwa na pesa ya minerval, karo ya mwaka wa pili. Nilikwenda kuuliza. Jina langu linaweza kurudi kwenye orodha ya Oktoba nikilipa kabla ya mwisho wa Juni. Nikikosa, nafasi anapewa mwingine. Nilimwambia Papa wakati wa chakula. Alimeza kwanza, kisha akasema:

"Minerval? Tafuta ndani ya sufuria. Ukiipata mule, iko yako."

Watoto walicheka. Mimi nilimwomba arudie, ili wote wasikie. Akarudia.

Basi natafuta ndani ya sufuria. Tangu uondoke ni mimi ninayepika, na kwa siku saba nimepima na kuandika ndani ya daftari kila kinachobaki. Kwa siku nasonga bukari ya makopo sita ya unga, kama ulivyonionyesha. Makopo mawili kati ya hayo hayaliwi na mtu yeyote wa nyumba hii. Maharagi na majani ya sombe ni karibu vilevile. Vyote vinakwenda kwenye ndoo ya nguruwe wa Virginie.

Na hapo kuna kitu nisichokielewa. Virginie ni mke wa Mwalimu Benoît, na ninamheshimu mwalimu. Ndiye aliyenifundisha hesabu mwaka wa sita. Lakini uliniachia amri mbili za ajabu. Ya kwanza: chakula kilichopikwa kiende kwenye ndoo, na maganda yatupwe kwenye migomba. Ya pili: ndoo ioshwe kwa sabuni kabla ya kutiwa chochote. Sabuni, Maman, kwa ajili ya nguruwe. Nguruwe anakula maganda. Nataka kupika kidogo zaidi, chakula kiishe nyumbani, na ndoo ipate maganda. Kinachookolewa kitakuwa chuo changu.

Niruhusu.

Mtoto wako,
Colombe

*

Luvungi, le 2 février 1984

Mutoto yangu Colombe,

Barua yako nimeipata, Pascal mwenye kuendesha camion aliileta pamoja na kitenge. Aksanti. Séraphine anakusalimia sana. Anasema kule Bukavu munakula viazi tu ndio sababu muko na sura ya baridi. Joto ya huku iko sawa mutu amekukalisha juu ya mbabula ya makaa, lakini kifua imeanza kufunguka, usiku nalala. Muchele imeanza kutoa, tunafukuza ndege asubui mpaka jioni. Nimekuwa mweusi, utanipita njiani bila kunijua.

Mambo ya sufuria ni muzuri. Mimi mwenyewe nilijua tunatupa. Sombe, uichemushe asubui na jioni, haiharibike siku mbili. Vichwa vya ndagala usitupe, kausha, saga, tia mu maharagi. Bukari ya jana kata vipande, kaanga na mafuta kidogo, watoto wakule na chai. Viazi usimenye, chemusha na ngozi yake. Tomate zikianza kulegea zipike zote siku moja na chumvi, weka mu chupa. Punguza unga, hata makopo ine itawatosha kama unasonga vizuri. Kama Firmin analia, mwambie mi pia nililia njaa kwa shule ya Masista na sikukufa.

Lakini ndoo acha vile iko. Hata ukipunguza ingine yote, ndoo ijae. Nguruwe iko na njaa sawa mutu. Na sabuni utie. Usiniulize sababu. Ni mimi Maman yako nasema.

Najua barua hii inasomwa mezani kwa sauti kubwa. Grégoire, vaa pullover.

Maman Georgette

*

Bagira, tarehe 19 Februari 1984

Maman mpendwa,

Papa alisoma barua yako mezani kwa sauti kubwa, akafika mwisho, akaenda kuvaa pullover. Watoto wamepata cha kuchekea kwa wiki nzima. Hatujambo. Martine wa ng'ambo ya barabara anauliza kama anaweza kuja kununua nyanya Luvungi na kulala kwa tantine, nimemwambia ndiyo.

Nimefuata mafundisho yako yote ya sufuria. Napika makopo manne. Vichwa vya ndagala havionekani tena, vinaliwa bila kujulikana. Nyumbani wananiita Citoyenne Commissaire d'État, waziri mzima, wa Bukari. Firmin anasimama mbele yangu na sahani, anapiga saluti, anasema: "Citoyenne Commissaire, wananchi wanaomba kijiko moya ya kuongeza." Nikimjibu kwamba bajeti imefungwa, anauliza kama kuna ubalozi anaweza kukimbilia. Papa anatia ndani ya kopo la maziwa, kila Jumamosi, pesa ya tofauti kati ya kile tulichokuwa tunatumia na kile tunachotumia sasa.  Nadhani alikuwa na hakika kwamba nitachoka.

Kuhusu ndoo: uliniambia nisiulize sababu, kwa hiyo niliitafuta peke yangu. Sikuiona. Ukisema ndoo ijae, ndani ya makopo manne siwezi kuijaza. Ni lazima nirudi kwenye sita, na chuo kinakwisha hapo. Na tunapata nini? Krismasi nguruwe wa jirani huchinjwa na aliyemlisha hupata hata mguu mmoja. Sisi hatukupata mfupa. Nguruwe huyo anakula kama watu watano, na hakuna aliyewahi kumsikia akilia.

Jumamosi, baada ya kazi ya lazima ya salongo, wakati watu wanarudisha majembe, nilikwenda kwa Virginie. Nilimkuta mlangoni, hakunikaribisha ndani. Nilimwambia kwa heshima kwamba nyumba yetu imebadilisha mpango, kwamba sasa ndoo itapata maganda peke yake, lakini mengi, ya viazi vitamu na ya ndizi, na kwamba nguruwe huyanenepea. Alinitazama kidogo.

"Ni sawa, mademoiselle," alisema. "Nguruwe itazoea."

Alikubali bila neno. Anakuja kila jioni saa moja kama kawaida, anachukua ndoo, anashukuru. Unaona kwamba hakuna aliyeumia.

Kopo limefika theluthi moja ya minerval.

Colombe

*

Luvungi, le 11 mars 1984

Colombe,

Kifua yangu iko muzuri. Séraphine iko muzuri.

Nimesoma barua yako mara tatu. Mara ya tatu Séraphine aliniuliza ni nani alikufa.

Rudisha ndoo vile ilikuwa. Leo, si kesho. Kama ni makopo sita, iwe sita. Kuna mambo haiandikwe mu barua yenye kusomwa mezani. Nilimupa mutu neno yangu, na wewe uko mutoto yangu, kwa hiyo ni neno yako pia. Umesoma, sawa. Basi fungua macho vile unafungua buku.

Grégoire, hii haikuangalie.

Maman yako

*

Bagira, tarehe 8 Aprili 1984

Maman mpendwa,

Barua yako ya tarehe 11 Machi imefika jana. Udongo ulianguka barabarani kule Ngomo na Pascal alikaa karibu wiki nne upande wa Kamanyola na camion yake. Papa aliisoma, akauliza ni mambo gani haya. Nilimwambia ni ya wanawake, akanipa karatasi haraka. Barua zangu mimi hazipiti kwake, kwa hiyo naandika wazi.

Ingefika kwa wakati, nisingekuwa na haya ya kukueleza.

Tarehe 31 Machi mvua ilikuwa imekula ukingo wa korongo nyuma ya avenue yetu, na nilishuka kuangalia kama itafika kwenye ukuta wa jikoni. Chini, penye majani, kulikuwa na rundo la maganda. Mengine yalikuwa yameoza, mengine ni ya jana yake. Nilitambua mkono wangu. Hakuna mtu katika avenue hii anayemenya kiazi kitamu kwa ganda jembamba kama mimi, nimejizoeza. Yalikuwa maganda ya wiki sita, yote.

Nilipandwa na hasira. Nilifikiri: tunawapa, wanatupa. Nilikwenda moja kwa moja kwa Virginie na safari hii sikungoja mlangoni, nilizunguka nyuma.

Ndani ya kibanda cha nguruwe kulikuwa na kuni zilizopangwa vizuri, na juu yake katoni ya vitabu vya mwalimu. Sakafu ilikuwa imefagiliwa. Virginie alikuwa anamwosha Eulalie, mtoto wake wa mwisho, ndani ya beseni. Hakushtuka.

"Maganda yako iko mu korongo, mademoiselle," alisema. "Ningeyaweka wapi? Ningekataa kuyachukua, ungeuliza sababu."

"Nguruwe iko wapi?"

"Tuliuza mwezi wa saba. Jina ya Mwalimu ilikosa mu orodha ya mishahara. Walimwambia angoje. Anangoja. Kila asubui anavaa shati, anaenda kufundisha, anangoja."

"Anajua chakula inatoka wapi?"

"Anajua nauza ndizi kwa soko ya Kadutu. Nauza kweli. Ile ya ndizi inanunua chumvi na sabuni."

"Na Maman? Ulimwambia?"

"Sikumwambia kitu. Siku moja nilikuja na ndoo yenye kuoshwa. Aliangalia ndoo, akaniangalia. Kesho yake alinionyesha sabuni, akasema, ndoo ya nguruwe mi naosha mwenyewe."

Kisha alimtoa Eulalie kwenye maji na nikamwona vizuri. Ana miaka mitatu. Nywele zake zimekuwa rangi ya majani makavu. Nilibonyeza mguu wake kwa kidole na shimo likabaki. Chuoni tulijifunza jina la ugonjwa huo wa njaa. Nilipata alama nzuri katika somo hilo.

Nilikuandikia kwamba Virginie alikubali bila neno. Neno alikuwa nalo.

Tangu siku hiyo hajaja kuchukua ndoo. Jumanne nilimpelekea sahani iliyofunikwa. Alinishukuru, akasema wamekwisha kula. Ilikuwa saa kumi na moja ya jioni na mbabula yake ilikuwa baridi. Nilirudi na sahani, nikiifunika kwa kitambaa kana kwamba nimeiiba.

Nimerudia makopo sita. Kinachozidi tunakila kwa shida, kingine kinachacha. Kopo la Papa lilikuwa limefika theluthi mbili. Niambie nifanye nini na Virginie. Kwa mengine, usiniambie kitu.

Colombe

*

Luvungi, le 17 avril 1984

Colombe mutoto yangu,

Barua hii nimeipa Martine aliyekuja kwa tomate, akupe mukononi. Kwa hiyo leo nasema.

Njaa yake Virginie hakunitajia, lakini alinishika mukono mwezi wa nane, pale kwenye ua, akaniambia: siku Mwalimu atajua, ataacha kula. Hakusema atakasirika. Alisema ataacha kula. Mi namujua Benoît, ni kweli. Njo maana nilifunga kinywa hata kwa Papa yako. Papa yako iko na roho ya muzuri lakini roho yake iko na sauti kubwa. Angetoa pesa mbele ya kanisa yote.

Nilikosa kukwambia mbele ya kuondoka. Nilifikiri sabuni itakwambia. Mi sikusoma sana, nilifikiri wenye kusoma wanaona mbio.

Sasa sikia. Kwa Virginie usiende na sahani. Ukienda na sahani unaenda na huruma, na huruma haiingie mulango ya ule mwanamuke. Enda na malalamiko. Lalamika, Colombe. Sema chakula inakuharibikia, inanuka, Papa anapiga kelele, haujue kupima, haujue kusonga. Na usilalamike peke yenu wawili. Lalamika kwenye ua asubui wakati wanawake wanaanika nguo, wasikie, wacheke. Umwombe akusaidie. Aweze kusema ndiyo sawa mutu anakufanyia muzuri.

Kwa Eulalie: maharagi yenye kupondwa na samaki ya sambaza yenye kusagwa, kila siku, itie ndani ya ndoo, kule chini, mu sahani yake na mufuniko. Mimi nilikuwa natia vile, wewe hukuona sababu nilikuwa natia mbele ya wewe kuingia jikoni.

Kifua imepoa. Pasaka muzuri. Juu ya mambo ya kopo ya Papa, najua ni nini nakuomba. Sitaiandika.

Maman

*

Bagira, tarehe 6 Mei 1984

Maman mpendwa,

Pasaka ilikuwa nzuri, tuliimba. Papa alipewa siku mbili za kupumzika na alizitumia kupanda juu ya nyumba kutafuta tundu la mvua. Hajalipata. Anasalimu.

Nilifanya ulivyosema. Haikuwa rahisi kwangu. Unajua sipendi kusimama kwenye ua. Nilitayarisha maneno siku tatu. Siku ya nne nilitoka na sufuria mkononi wakati wanawake walikuwa wanaanika. Virginie alikuwa mwisho wa kamba, amenipa mgongo. Nilisema kwa sauti, kwa sauti mbaya kabisa, kwamba nimeshindwa, kwamba bukari inabaki kila siku na inachacha, kwamba Papa atanifukuza.

Martine alikuja kuangalia ndani ya sufuria.

"Ee! Hii ni bukari ao ni saruji? Colombe, unajenga?"

"Masomo yote ile," alisema mwingine, "na unga inamushinda! Bwana yako atakula buku."

"Atakula ukurasa kwa ukurasa," alisema Martine, "na sombe."

Walicheka mpaka wakashika kamba. Nilisimama. Nilimwambia Virginie, mbele yao, kwamba kama nguruwe wake bado anakula chakula kilichopikwa, angenisaidia sana, maana sina pa kukitupa.  Ndipo niliona kwamba hakuna mwanamke hata mmoja aliyeuliza nguruwe gani. Waligeukia nguo zao zote kwa pamoja. Walijua, Maman. Katika avenue nzima watu waliokuwa hawajui ni Mwalimu, ni Papa, na ni mimi.

Virginie alimaliza kubana shati la mwalimu kwenye kamba. 

"Mademoiselle," alisema, "unasonga vibaya sababu unatia unga yote mara moja. Nitakuja kukuonyesha. Na ndoo nitachukua. Nguruwe haichague."

"Aksanti, Maman Virginie."

"Lakini uoshe ndoo. Ile siku ilikuwa inanuka maganda."

Anakuja kila jioni. Anakaa dakika tano, ananionyesha kusonga, ingawa anajua kwamba najua. Ninatia sahani ya Eulalie chini, yenye mfuniko. Hatuzungumzi juu yake.

Habari ya ua ilifika kwa Papa siku ileile. Alisema mezani kwamba Serikali ya Bukari imeanguka. Tangu nirudie makopo sita hajatia kitu ndani ya kopo, na ni haki, hakuna cha kutia.

Colombe

*

Luvungi, le 27 mai 1984

Mutoto yangu,

Huku mvua imekwisha. Nitafika siku ya ine ya mwezi wa saba na camion ya Pascal, mbele, si nyuma, nimekwisha kumwambia. Nitaleta muchele. Séraphine alilia jana, halafu akasema ni moshi.

Papa yako aliniandikia. Anasema umeshindwa, na anacheka mu barua, lakini nusu ya ukurasa anaandika tu juu yako, kwamba hausemi mezani, kwamba usiku anakuta taa yako inawaka. Anasema: alinizidi akili tangu mudogo, sasa ameangushwa na sufuria, sielewi.

Kwa hiyo nauliza. Naweza kumwandikia ukweli, yeye peke yake, mbele ya mwezi wa sita kuisha. Akijua, atatafuta minerval hata kwa deni, sababu atasikia haya. Namujua. Neno nilimupa Virginie, lakini mwaka wako ni wako, na ni wewe unalipa. Ukisema niseme, nitasema, na kwa Virginie nitajibu mi mwenyewe. Ukisema ninyamaze, nitanyamaza. Andika neno moja, mpe Martine.

Maman yako Georgette

*

Bagira, tarehe 25 Juni 1984

Maman mpendwa,

Hatujambo. Watoto wamemaliza mitihani; Firmin ni wa nane, anasema ni kwa sababu ya lishe. Miguu ya Eulalie imepungua uvimbe, shimo halibaki tena. Nywele bado, lakini kwenye mizizi zinatoka nyeusi. Jana Mwalimu alimpeleka misani akiwa amembeba mabegani.

Neno moja uliloomba ni hili: nyamaza.

Nilichelewa kulituma kwa sababu wiki mbili sikuwa na hakika. Nilifikiria Papa akitoka kanisani na pesa mkononi, akimwita Mwalimu kwa jina. Nilifikiria pia Oktoba, na mtu mwingine amekaa kwenye kiti changu. Vyote viwili nilivifikiria kwa muda sawa. Sikuandikii ili unisifu.

Lakini kulikuwa na hatari nyingine ambayo hukuijua. Ijumaa Papa alisema: "Mwezi unakwisha. Jumapili nitamwita Benoît akague hesabu yako. Ni yeye alikufundisha. Atwambie mahali ulianguka." Hakusema kwa ubaya. Nadhani alitaka kosa litafutwe na mtu anayejua, lipatikane, na mimi nianze kusema tena mezani.

Sasa, katika daftari langu kuna safu ya ndoo. Tangu Januari nimeandika kila jioni ni kiasi gani kilikwenda kwa nguruwe. Mwalimu anajua kwamba hakuna nguruwe. Angesoma mistari miwili tu.

Kwa hiyo Jumamosi nilinunua daftari jipya na nikanakili yote tangu mwanzo, bila safu ile. Kazi ilinichukua mchana mzima. Lakini hesabu bila ndoo haikueleza kwa nini kopo limekwama kwenye theluthi mbili, na mwalimu angeendelea kutafuta, hajui kuacha. Ilibidi apate kitu. Nilitafuta kosa ambalo angeweza kuliamini, na ambalo angelipenda. Katika jumla ya Machi, kwenye safu ya mamia, nilibeba mbili mahali pa moja. Jumla ikawa kubwa kuliko pesa iliyokuwamo, kana kwamba nilidhani nimekwisha kuokoa ya kutosha na nikalegeza kupika, na hesabu zote zilizofuata zikapotoka pale, ingawa kila moja ni sahihi peke yake.

Jana alikuja baada ya misa, na shati lake jeupe. Papa alimpa kiti na chai. Mwalimu alikataa mkate, alisema Virginie anapika vizuri sana siku hizi, hana nafasi tumboni. Nilisimama nyuma ya kiti chake kama zamani. Alipita Januari kwa kidole, akapita Februari, midomo yake ilikuwa inahesabu. Kwenye Machi alisimama. Alirudi juu. Akashuka tena.

"Grégoire, iko hapa," alisema. "Hapa! Alibeba mbili. Ni moja."

"Hiyo tu?" alisema Papa.

"Hiyo tu. Angalia: yote inayofuata ni safi. Si kosa ya akili, ni ya haraka. Tangu mwaka wa sita nilimwambia: Colombe, usikimbie."

Alikuwa na furaha, Maman. Sikumbuki ni lini nilimwona hivyo. Alitoa kalamu nyekundu mfukoni, akazungushia ile mbili, akaandika moja pembeni, kwa mwandiko ule wa ubaoni.

Papa alicheka, akasema basi bukari imeshinda chuo, na kwamba mwaka kesho tutaona. Pesa iliyo ndani ya kopo itanunua viatu vya watoto vya Septemba. Nilisema ni sawa.

Mwalimu alinirudishia daftari kwa mikono miwili, akaniomba nifanye jumla ile tena mbele yake, kwa sauti. Niliifanya. Nilibeba moja.

"Vizuri," alisema.

Safari njema barabarani. Nitakungoja pale camion zinaposimama.

Mtoto wako,
Colombe